Wanaume wa Handaki la Tatu

Kofia ngumu za wageni zilikuwa za rangi mbili, njano kwa wakubwa na buluu kwa watoto. Kipaza alizigawa mwenyewe kila asubuhi mdomoni mwa mgodi, akipima kichwa kwa jicho kama fundi cherehani apimavyo kiuno, na ilikuwa nadra akosee. Asubuhi hiyo alikuwa na kundi la walimu wastaafu, bwana na bibi waliokuwa fungate, na mzee mmoja mnene aliyekuja na kiti chake cha kukunja kwa sababu alisikia matembezi ni marefu. Kofia haikumwingia. Kipaza akalegeza mkanda wa ndani mpaka mwisho.

"Akili zako ni nyingi, mzee wangu. Itabidi tuzibane kidogo."

Wote wakacheka, na Kipaza akajua kazi iliyobaki ni mteremko. Mgeni aliyecheka mlangoni halalamiki tena, hata akikanyaga tope.

Jina hilo alipewa utotoni kwa sababu sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. Alipomwita mbuzi wa kwao, mbuzi wa mtaa mzima waliitika. Sauti hiyo ndiyo iliyompatia kazi ya kuongoza wageni, maana chini kule maneno ya mtu wa kawaida humezwa na kuta kabla hayajafika kwa mtu wa tatu.

Mji wenyewe haukuwa na maporomoko ya maji wala mlima wa kupigia picha. Ulikuwa na mashimo tu. Zamani walichimba makaa ya mawe. Makaa yalipokwisha, wakagundua kwamba chini kule baridi haipandi wala haishuki mwaka mzima, na kwamba giza nalo linalimika kama ardhi nyingine yoyote. Wakapanda uyoga. Sasa kwenye mzunguko wa barabara palisimama sanamu ya uyoga kubwa kuliko kituo cha polisi, nyumba ya wageni ilikuwa na mapaa ya mviringo, sururu na taa za wachimbaji zilipangwa kwenye makumbusho, na juu ya mlango wa mkahawa paliandikwa: HAPA HATA GIZA LINALIWA. Mabasi ya wageni yalikuja kila wiki tangu Ijumaa, na kila nyumba mjini ilikuwa na mtu anayekula kwa ajili ya mabasi hayo.

Kipaza aliwapitisha wageni wake handaki la kwanza, penye uyoga mdogo kama vifungo vya shati, na handaki la pili, penye uyoga mpana kama sahani. Aliwaambia uyoga ni kama mkwe, ukimmulika sana usoni ananuna. Kisha akawafikisha handaki la tatu, ambalo lilikuwa jipya kwenye ziara.

Handaki la tatu lilikuwa limefungwa kwa mlango wa chuma kwa miaka mingi. Msimu ule Meneja alikuwa ametafuta nafasi ya kupanda zaidi, akaleta mafundi wakaukata ule mlango bawaba na kuufungua. Nyuma yake walikuta chumba kirefu, kifusi upande wa mbali, sururu saba zimeegemezwa ukutani kwa utaratibu, na chini kote udongo mweusi, laini, mzuri ajabu. Meneja aliushika udongo ule, akaunusa, akafurahi. Sururu zikapelekwa makumbusho. Mifuko ya mabua na mbegu za uyoga ikapangwa juu ya udongo, na kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wengi na kazi ilikuwa ya haraka, hakuna aliyeuliza udongo wa namna hiyo umefikaje katikati ya mwamba.

Kipaza akawasha taa. Mavuno ya kwanza ya handaki la tatu yalikuwa yamekomaa.

Uyoga ulikuwa umeota umbo la wanaume. Walikuwa saba, weupe, warefu kama watu, wamesimama katikati ya mifuko wakitazama upande wa kifusi. Kila mmoja alikuwa na kofia ngumu kichwani, ambayo ndiyo kofia ya uyoga yenyewe. Mikunjo ya mashati ilionekana, na mishipa ya mikono. Harufu ilikuwa ile ile ya handaki la pili.

"Kazi nzuri," alisema mmoja wa walimu wastaafu. "Hawa mmewakuza kwa mbolea gani?"

"Mabua, pumba na samadi," Kipaza alijibu, kwa sababu hilo ndilo jibu. Kisha tochi yake ikamfikia yule wa nyuma kabisa.

Huyo aliwazidi wenzake kwa kichwa kizima, na alikuwa ameinamisha shingo upande wa kushoto, kama mtu aliyezoea kugonga paji la uso kwenye vizingiti vya juu vya milango. Mkono mmoja wa shati lake ulikuwa umekunjwa mpaka kwenye kiwiko, na wa pili haukukunjwa. Mdomo wake ulikuwa nusu wazi, tayari kutoa mzaha. Mtu mmoja tu duniani alisimama hivyo, na mji mzima ulimwita Ngazi, na alikuwa mume wa Kipaza.

Kwamba uyoga umeota kama mtu, hilo halikumshtua. Uyoga ni kiumbe mkaidi. Mwaka mmoja handaki zima liliota masikio ya ng'ombe, na wateja waliyanunua hivyo hivyo. Kilichomkata maini ni kwamba Ngazi alikuwa humu. Alishika mfuko wa mabua ulio karibu naye asianguke. Bibi harusi alidhani ni sehemu ya maonyesho, akampiga picha.

Maana Ngazi hakupaswa kuwa mle. Mwamba ulipoporomoka katika handaki la tatu, kampuni ilitangaza kwamba watu wote wametoka salama. Wanaume saba hawakuonekana tena majumbani mwao, na kampuni ikaeleza kwamba hao waliogopa, wakaacha kazi, wakadandia lori la kwenda kutafuta dhahabu ng'ambo ya mpaka. Kipaza angeweza kubisha. Lakini baba yake mwenyewe, aliyekuwa mlinzi wa mgodi, alikuja nyumbani siku ile na kofia yake ya kazi mkononi, akakaa, akasema:

"Mwanangu, nimemwona kwa macho yangu akipanda lori. Hakugeuka nyuma."

Baada ya hapo Kipaza alimlaani Ngazi pale sokoni kwa sauti yake yote, mpaka wauza vitunguu wakaziba masikio. Alichoma nguo zake. Mama mkwe alikuja kupiga magoti, akamwomba msamaha kwa kuzaa mtoto asiye na haya, na tangu siku hiyo yule mama alitembea mjini akiwa ametazama chini kama aliyedondosha sindano. Wanawake wenzake walimfariji Kipaza kwa kumwambia wanaume ndivyo walivyo, wakishavuka mpaka wanasahau hata jina la mama zao. Naye akafarijika. Kumchukia mtu kulimpa nguvu za kuamka asubuhi.

Alimaliza ziara. Aliwafikisha wageni mkahawani, akapokea kofia, akamshukuru kila mmoja, kisha akaenda ofisini kwa Meneja na kusimama mlangoni bila kupiga hodi.

Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini na kucha safi. Zamani za makaa ya mawe alikuwa msimamizi wa zamu.

"Meneja, kule handaki la tatu kuna mume wangu."

"Nimemwona," alisema Meneja. "Yule mrefu. Pole sana, dada."

"Mlisema alipanda lori."

"Ndivyo tulivyoripotiwa." Alimsogezea kiti, lakini Kipaza hakukaa. "Lakini tuangalie na upande mzuri. Wageni wa leo wamependa. Wawili wameshauliza kama wanaweza kurudi na jamaa zao. Nitaagiza waweke kamba, watu wasiguse, na taa za pembeni ziwe za kufifia. Wewe unaona taa za rangi gani zitawapendeza?"

Kipaza alimtazama mtu huyu, ambaye alimjua tangu akiwa na nywele nyeusi, akatafuta usoni pake mahali pa kushika. Hakupaona.

"Na wataachwa pale?"

"Hawawezi kuachwa, Kipaza. Unajua mwenyewe. Uyoga usipovunwa unaoza, na ukioza unaambukiza handaki zima."

Mchana huo Kipaza alimleta mama mkwe. Yule mama alishuka ngazi za mgodi polepole, ameshika ukuta, amevaa kofia ya njano iliyomfunika mpaka nyusi. Alipofika mbele ya mwanawe hakulia. Alimzunguka, akampapasa bega, akamtazama uso kwa muda mrefu.

"Amekonda," alisema.

Kisha akavua mtandio wake akamfunika mabegani, kwa sababu mle ndani kulikuwa na baridi. Alipogeuka kumtazama Kipaza, macho yake yalikuwa juu, sawasawa na ya mtu mwingine, kwa mara ya kwanza tangu msiba usioitwa msiba.

"Kumbe sikuzaa mtoro," alisema. "Kumbe tulimtukana mtu aliye chini ya miguu yetu."

Siku ya mavuno Kipaza aliomba amkate Ngazi yeye mwenyewe. Meneja hakukataa, aliwahi kuwa na mke, alisema, anaelewa. Wale sita wengine walikatwa na wafanyakazi, wakapangwa kwenye kreti, wakapelekwa mkahawani. Supu ya siku hiyo wageni walisema ilikuwa nzito kuliko kawaida, na wengi waliongeza bakuli. Ngazi alikuwa mwepesi kama mto wa sufi. Kipaza na mama mkwe wake walimbeba hadi nyumbani wakipokezana, ingawa yeyote kati yao angeweza kumbeba peke yake.

Nyumba hiyo ilikuwa nzuri, ya matofali, yenye uwanja nyuma. Kampuni ilimpa baba yake Kipaza kwa utumishi wa muda mrefu. Yule mzee alikuwa ukumbini akisikiliza redio. Alimtazama mkwewe mweupe akiingizwa mlangoni, shingo imeinama ile ile, akazima redio. Alichukua jembe, akatoka uwani, akaanza kuchimba kaburi. Majirani waliokuja kusaidia aliwakatalia. Alichimba peke yake mpaka jasho likamlowesha kosi, na Kipaza akadhani ni huzuni.

Walimzika Ngazi alasiri hiyo. Majirani walitoa pole. Mmoja wao aliuliza kwa adabu kama kuna kipande kilichobaki, na mama mkwe akamjibu kwamba hakuna.

Uyoga hauvunwi mara moja. Mifuko ile ile, ukiinyunyizia maji na kuipa subira, huota tena. Mavuno ya pili ya handaki la tatu yalipotokea, wanaume walikuwa wale wale saba, lakini hawakuwa wametazama kifusi tena. Walikuwa wamegeuka na kusogea hadi mlangoni, wamebanana. Mikono ilikuwa juu na ngumi zimekunjwa. Mmoja alikuwa amefunga shati lake puani. Mwingine alikuwa na vidole vilivyovimba. Ngazi, kwa urefu wake, alikuwa nyuma yao, akigonga juu ya vichwa vya wenzake.

Kipaza aliwamulika mmoja mmoja, akakumbuka zile sururu saba. Mtu aliyeangukiwa na mwamba haegemezi sururu yake ukutani kwa utaratibu. Hawakuangukiwa. Walikuwa hai, mwamba ukiwa nyuma yao na mlango ukiwa mbele, na mlango ulikuwa mzima, na ulifungwa kwa nje.

Alijikuta amekaa chini kwenye ule udongo mweusi. Alipogundua amekaa juu ya nini, aliruka kama aliyeguswa na moto.

Habari zilienea. Mabasi yakaanza kuja tangu Jumatano. Waliokuwa wameyaona mavuno ya kwanza walirudi kuyaona ya pili, na walibishana mkahawani kuhusu yale ya tatu yatakuwaje. Duka la ukumbusho liliuza ngumi ndogo za mbao. Siku moja Mkuu wa Kituo cha polisi alikuja na familia yake, amevaa kiraia, na Kipaza alimgawia kofia, akamwongoza, akangoja mpaka watoto wametangulia.

"Afande, umeona."

"Nimeona. Inasikitisha."

"Walifungiwa wakiwa hai. Ushahidi ndio ule umesimama pale."

Mkuu wa Kituo alivua kofia akakuna ile sehemu iliyobanwa. "Dada yangu, tusidanganyane. Kesi ya mauaji inataka maiti. Uko wapi mwili?"

"Mwili ndio ulioota uyoga."

"Uyoga haulishwi kiapo," alisema Mkuu wa Kituo kwa upole. "Wakili wa upande wa pili ataomba tu apewe sufuria, na kesi itakuwa imeliwa. Mimi nakupa pole kama kaka." Akaongeza mwendo kuwafuata wanawe, ambao walikuwa wanaelekea kwenye supu.

Mavuno ya tatu yalijitokeza katikati ya wiki, na Kipaza ndiye aliyeyaona kwanza, akiwa na kundi la wauguzi nyuma yake. Ndani ya chumba wanaume walikuwa wamekaa, migongo ukutani, vichwa vimeegemeana kama vya abiria waliosinzia safarini. Ngazi hakuwa amekaa. Alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, urefu wake wote, shavu limebanwa chini, na mdomo wake ulikuwa penye uwazi mwembamba ambao zamani ulikuwa kati ya mlango na sakafu. Mdomo ulikuwa wazi. Alikuwa akisema kitu.

Lakini wauguzi hawakuwa wanatazama ndani. Walikuwa wamesimama nje, upande wa ujia, ambako hapakupandwa kitu wala kuwekwa mfuko wowote. Pale, juu ya jiwe tupu, kulikuwa kumeota uyoga mmoja peke yake.

Alikuwa mwanamume ameketi kwenye kigoda. Alivaa kofia ya kazi, siyo kofia ngumu bali ile ya kitambaa yenye ukingo mbele. Fungu la funguo lilikuwa mapajani, limeshikwa kwa mikono miwili. Na kichwa chake kilikuwa kimeinamishwa pembeni, sikio karibu kugusa mahali ulipokuwa mlango, kama mtu anayesikiliza kwa makini ili asipitwe na neno.

"Huyu naye ni nani?" muuguzi mmoja aliuliza.

Kipaza alifungua mdomo. Sauti iliyojaza soko na kuamsha mbuzi wa mtaa mzima haikutoka. Pua ile aliijua. Alikuwa akiiona kila asubuhi kwenye kioo chake mwenyewe. Umbali kati ya mdomo wa Ngazi na sikio lile ulikuwa unene wa bamba la chuma.

Tochi ilimponyoka. Mmoja wa wauguzi aliiokota, akamshika kiwiko, akampima mapigo ya moyo na kusema anahitaji kukaa na kunywa kitu chenye sukari.

Alimkuta baba yake ukumbini, jua la saa kumi likiingia dirishani na kumlalia magotini. Redio ilikuwa imezimwa. Mzee alikuwa amevaa viatu, kama mtu anayengoja kuchukuliwa.

"Umeota," Kipaza alisema.

"Nimesikia. Wamenipigia simu kunipongeza."

Kipaza alitaka kupiga kelele, lakini kilichotoka kilikuwa kama sauti ya mtoto anayeuliza kitu cha shuleni. "Walikuwa wanagonga, baba?"

"Walikuwa wanagonga."

"Na funguo ulikuwa nazo."

"Nilikuwa nazo." Mzee alitazama mikono yake. "Msimamizi wa zamu aliniambia chumba kimejaa hewa mbaya. Nikifungua, hewa itatoka, itakutana na taa, mgodi mzima utawaka na watu wote waliomo. Akaniambia kaa hapa, asije mjinga mwingine akafungua. Nikakaa."

"Ilikuwa kweli? Hiyo hewa?"

"Sijui. Mwanzoni niliamini. Kisha nikaona waliomo mle wanaivuta hiyo hewa na bado wanaongea. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshakaa muda mrefu. Ningefungua, wangetoka wakaniuliza mbona nimechelewa."

Kipaza alisikia maneno hayo na kuyaelewa moja moja, lakini yote kwa pamoja hayakutaka kuingia kichwani.

"Na lori?"

"Hapakuwa na lori."

"Hukumwona akipanda. Hukumwona asigeuke nyuma."

"Hapakuwa na lori, mwanangu."

"Na nyumba hii?"

Nyumba waliipata mwezi ule ule mwamba ulipoporomoka. Kipaza alikumbuka alivyofagia sakafu hii siku ya kuhamia, akiimba, akimshukuru Mungu kwa kumpa baba baada ya kumnyang'anya mume. Akatazama kuta, akatazama dari. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Ilikuwa nyumba imara.

Ndipo mama mkwe alipoingia. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alikuwa ameshuka mgodini mwenyewe, akaona, akapanda, akatembea moja kwa moja. Kofia ya njano bado ilikuwa kichwani. Alisimama mbele ya yule mzee, na kwa desturi ya miaka yote alimwamkia, naye akaitikia.

"Mkwe," alisema, "nina swali moja tu. Mwanangu pale chini ya mlango. Alikuwa anasema nini?"

Jua lilikuwa limemtoka magotini na kupanda ukutani.

"Aliomba maji," alisema. "Alisema hata kidogo, yapitishwe hapo chini. Baadaye akaacha. Akawa anamwita huyu, kwa jina lake la nyumbani. Alikuwa amenitambua. Aliniambia, baba, mwambie asininyime msamaha kwa kuchelewa."

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa bei ya kitu na kuiona ni ile ile aliyotegemea. Kisha akashika ukuta, akateleza nao mpaka chini, na Kipaza akateleza naye. Walikaa sakafuni pale, mmoja amemshika mwenzake. Jambo lililomuuma Kipaza, alipolitafuta, halikuwa kifo. Ni kwamba alikuwa amepika chakula cha mchana na kumwachia mzee huyu kwenye meza, amemfunikia kwa sahani, na mzee alikuwa amekila.

Usiku huo huo alihamia kwa mama mkwe na sanduku moja.

Hakuna aliyekamatwa. Mkuu wa Kituo alieleza kwamba uyoga wa nje ya mlango unaonyesha tu mtu aliyekaa kwenye kigoda, na kukaa kwenye kigoda si kosa. Meneja alisikitika hadharani, akaweka kibao chenye majina ya wanaume saba, chini yake pameandikwa saa za kufungua na kufunga. Majirani walimwambia Kipaza kwamba yaliyopita si ndwele. Walimwambia kwa upole, macho yakiwa barabarani, kuelekea upande yanakotokea mabasi.

Mzee alianza kwenda mgodini kila asubuhi. Hakuitwa na mtu. Alibeba kigoda chake, akashuka ngazi kwa taabu, akakaa kando ya uyoga wake, sikio upande ule ule. Mlango ulikuwa wazi, lakini alisikiliza hivyo hivyo. Kipaza alipopita na wageni hakumwamkia, naye hakuinua macho. Wageni walipenda kusimama nyuma ya wawili hao na kubishana yupi ni yupi. Baada ya muda Meneja akamshonea mzee sare mpya yenye kofia ya kitambaa, akampa fungu la funguo za zamani kutoka makumbusho, na kwenye vipeperushi vya mji picha yake ikawekwa juu ya picha ya sanamu.

Kipaza hakuacha kazi. Mama mkwe alimuuliza mara moja mbona anaendelea, akajibu kwamba akiondoka, atakayechukua nafasi yake atawaambia watu nini? Hivyo alishuka kila siku. Mavuno yalikuja baada ya mavuno, na sasa Ngazi alibaki vile vile, amelala kifudifudi, kwa sababu hapakuwa na kilichofuata.

Alipofika handaki la tatu hakufanya mzaha. Aliwasha taa, akangoja watu wote wafike, kisha akasema kwa sauti yake yote:

"Huyu aliyelala ni mume wangu. Alikuwa hai. Huyu anayesikiliza ni baba yangu, alikuwa na funguo. Aliyemwambia asifungue ni Meneja, ofisi yake iko juu, mlango wa pili kulia."

Wageni walipiga makofi. Siku zote walipiga makofi. Baadhi yao, wakati wa kutoka, walipita mlango wa pili kulia kumpa Meneja mkono na kumsifu kwa mwongozaji anayejua kuigiza.

Siku moja katika kundi la watu wa kanisa kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye hakupiga makofi. Alikuwa amesimama karibu na mzee, akitazama bawaba zilizokatwa, na alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo hata wenzake wakamwomba arudie.

"Nauliza, huu mlango ulikuja kufunguliwa lini?"

"Mwaka huu," alisema Kipaza. "Tulikuwa tunatafuta nafasi ya kupanda."

Mwanamke yule aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza mkahawa uko upande gani, na Kipaza akamwelekeza.